Ng'ombe Waliohesabiwa Mara Mbili

Limi mwanangu,

Nimekuambia usiifungue barua hii mpaka basi litoke Mafinga, na kwa jinsi ninavyokujua, umeshaipapasa bahasha mara tatu tangu stendi ya Iringa. Kama umeifungua mapema, ifunge uirudishe kwenye begi. Sikutanii. Nina sababu ya kutaja Mafinga, na utaiona huko mbele.

Sasa hivi ni Jumamosi alasiri. Wewe uko usharikani, wanakwaya wenzako wanakuaga kwa nyimbo na soda, na baba yako yuko karakana anamalizia milango ya watu aliyoahidi tangu Pasaka. Mimi nimekaa mezani na rundo la mitihani ya kidato cha pili na sijasahihisha hata mmoja. Kalamu ya bluu imekauka nilipomaliza tu kuandika jina lako, kwa hiyo naendelea na nyekundu. Usidhani nakusahihisha wewe. Ndiyo kalamu iliyokuwepo.

Habari za blanketi, baridi ya Mbeya na kuchemsha maji sitazirudia. Nimezisema wiki nzima mpaka baba yako akaniuliza kama unakwenda kazini au unakwenda vitani. Ukweli ni kwamba kuna jambo jingine limenikaa kooni, na kila nikifungua mdomo nilitoe, linatoka blanketi.

Unakumbuka Jumapili iliyopita uliponiita nije nione kompyuta yako? Nilikuwa nasonga ugali, nikaja na mwiko mkononi. Ukanionyesha mchoro wa ile kazi utakayoianza Jumatatu na wale watafiti: ng'ombe wa bonde la Usangu, idadi yao tangu zamani, nyasi zao, na mstari unaopanda, unapanda, halafu unalala. Ukanieleza kwa furaha, kana kwamba mimi sifundishi hisabati, kwamba ukichukua idadi ya kuanzia, ukaweka kiwango cha kuzaana na kikomo cha malisho, mlinganyo unakuambia mwaka hadi mwaka ng'ombe watakuwa wangapi na lini nyasi hazitawatosha. Nikakuacha ueleze. Napenda unavyoeleza. Halafu ukaweka kidole kwenye nukta moja, ya kwanza kabisa kushoto, ukasema, "Ona hii mama, hii ni ya zamani, sijazaliwa hata. Walihesabu boma kwa boma. Mstari wote umeshikwa na hii. Ukiitoa, modeli haijui ianzie wapi."

Nikatazama namba iliyoandikwa pembeni yake. Nikasema, "Nzuri," nikarudi jikoni. Ugali ukaungua chini, nawe ukanicheka kwamba uzee umeingia. Limi, ile namba niliijumlisha mimi. Tena niliijumlisha nikijua kwamba si ya kweli.

Unajua kwamba babu yako alihama usukumani na ng'ombe wake, na kwamba nilikulia kwenye maboma kule mbele ya Ubaruku, mpunga upande huu, mifugo upande ule. Unajua pia kwamba nilipomaliza kidato cha sita nilikaa nyumbani mwaka mzima nikisubiri chuo cha ualimu. Kitu ambacho sijawahi kukuambia ni kazi niliyoifanya mwaka huo.

Alikuja mtaalamu mmoja na mradi wake. Watu walimwita Bwana Nyasi, kwa sababu alitembea na fremu ya mbao ya mraba, akaitupa mahali popote, akapiga magoti akakata nyasi zote zilizokuwa ndani ya fremu, akazipima kwenye mizani kama mtu anayeuza nyama. Wazee walikaa mbali wakimtazama wakicheka mpaka machozi. Lakini hakuwa mjinga, na hakuwa mtu mbaya. Alitaka kujua bonde linaweza kulisha ng'ombe wangapi bila kuchakaa, na wako wangapi sasa, ili ajue wanakoelekea. Swali ni lilelile lako. Alihitaji vijana wanaojua kuandika na wanaojua maboma, akatuchukua wanne. Msichana nilikuwa mimi peke yangu.

Wewe umezaliwa mjini Iringa, unaamkia watu kamwene, na ng'ombe unamjua kwa maziwa ya pakiti, kwa hiyo ngoja nikueleze kitu ambacho Bwana Nyasi hakukijua. Kwetu, mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote kwenye boma moja. Wengine anawapeleka kwa kaka yake, wengine kwa shemeji, wengine kwa rafiki aliye mbali. Yule anayewatunza anakunywa maziwa, analimia maksai, anachukua samadi. Ng'ombe mwenyewe na ndama atakayemzaa wanabaki wa mwenye mali. Ugonjwa ukiingia boma hili, wa boma lile wanapona. Mimi nilikamua kila asubuhi kwa miaka kumi, na karibu nusu ya ng'ombe niliowakamua hawakuwa wetu. Hakuna aliyeona ajabu.

Kulikuwa na mmoja mwekundu, pembe yake ya kushoto imepinda kuelekea jichoni, mpole kama mwalimu wa watoto wadogo. Huyo alikuwa wa kaka yangu Ngassa, mjomba wako. Ngassa alikuwa na boma lake mwendo wa saa mbili kutoka kwetu, maana yeye alihama usukumani miaka miwili baada ya baba. Alibaki nyuma kumuuguza bibi yetu hadi akamzika, ndipo akatufuata. Kumbuka hilo la kuchelewa, nitalirudia.

Kwa kawaida mfugaji wa kwetu hataji idadi ya ng'ombe wake hata umpe chai. Lakini mwaka ule uvumi ulitangulia kwamba mradi utaleta chanjo, na kila mtu atapewa kulingana na idadi aliyoandikisha. Mradi haukusema hivyo. Watu waliamua hivyo wenyewe, na midomo ikafunguka. Fomu yetu ilikuwa na visanduku viwili: ng'ombe walio bomani, na ng'ombe walio kwingine. Bwana Nyasi alipoandika "kwingine" alifikiria ng'ombe waliopelekwa malishoni mchana. Wazee walipoulizwa "kwingine" walifikiria wale waliokabidhiwa watu.

Nilianzia nyumbani kwetu. Baba alisimama mlangoni pa boma na fimbo yake, akasema, "Andika arobaini na tatu."

"Baba, na wa kaka Ngassa humohumo?"

"Wapo hapa au hawapo hapa?"

"Wapo."

"Sasa unaniuliza nini? Andika, mtoto wewe, jua linapanda."

Nikaandika. Siku mbili baadaye nikafika kwa Ngassa. Akanipokea kwa mbwembwe na salamu ya kwetu, "Mwangaluka, karani wa serikali!" Nikamwambia mimi si wa serikali, akasema mwenye kalamu ni wa serikali tu. Nikahesabu bomani ishirini na watano. Nikamuuliza walio kwingine. Akanyoosha vidole, akawataja mmoja mmoja kwa rangi na pembe, kumi na tisa kwa baba, kumi na sita kwa marafiki wawili. "Weka sitini, Kabula."

"Kaka, hao wa kwa baba nimeshawaandika kule."

"Umewaandika wa baba. Mimi nataja wangu. Ng'ombe wangu ni wangu hata akilala kwa watu. Au unataka chanjo iwapite?"

Nikacheka, nikaweka sitini. Yule mwekundu nilikuwa nimemwandika mara mbili ndani ya siku tatu, na nilikuwa nimemkamua asubuhi ya siku ya kwanza.

Mpaka hapo ningeweza kusema ni ujana. Kilichofuata hakikuwa ujana.

Tulipomaliza kuzunguka, kazi ya kujumlisha nilipewa mimi, kwa sababu nilikuwa mwepesi wa hesabu na mwandiko wangu ulisomeka. Mradi ulipanga nyumba Ubaruku, karibu na mashine ya kukoboa mpunga. Vumbi la pumba liliingia dirishani na kukaa juu ya fomu. Siku ya pili ya kujumlisha, nikaona namba inakua kuliko macho yangu yalivyoona. Mimi nililijua lile bonde. Nikachukua daftari langu la pembeni, nikaanza kuandika boma kwa boma: nani anatunza ng'ombe wa nani. Nilianza na maboma niliyoyajua vizuri. Nilipofika la kumi na moja nikasimama, kwa sababu kwenye hayo kumi na moja tu, karibu theluthi ya ng'ombe ilikuwa imehesabiwa mara mbili.

Nilijua la kufanya. Ni kwenda kwa Bwana Nyasi, kumwambia fomu imekosewa, turudi tuzunguke upya, safari hii tukiuliza kila ng'ombe analala wapi. Zingekuwa wiki nyingine tatu za kutembea. Nimekaa na daftari mkononi, akaingia yeye mwenyewe, anatabasamu, na karatasi imekunjwa. Akasema, "Kabula, katika vijana wote wanne, kazi yako ndiyo safi. Nimekuandikia barua ya chuo, nimewaambia sijaona karani makini kama wewe." Akaiweka mezani juu ya fomu.

Nikafunga daftari. Nikasema, "Ahsante sana."

Ni hivyo tu, mwanangu. Hakuna aliyenitisha, hakuna aliyenihonga. Nilikuwa na miaka ishirini, nilitaka sana kuitwa makini, na niliona haya kumwambia mtu aliyenisifu kwamba kazi aliyoisifu ni mbovu. Nikajiambia kwamba hata hivyo ni makadirio, na makadirio yana kosa lake. Unaijua sentensi hiyo. Nimekusikia ukiisema kwenye simu.

Wewe unajua kuliko mimi kilichotokea baada ya hapo. Kosa la namna ile halikai palepale. Mlinganyo unazalisha kila ulichoupa. Ng'ombe wangu wa karatasi walizaa ndama wa karatasi, na ndama wakakua wakazaa, na wote walikula nyasi zilezile za kweli ambazo Bwana Nyasi alizipima kwa uaminifu. Mchoro wake ukaonyesha kikomo kimeshapitwa, na kwamba baada ya miaka michache ardhi itabaki vumbi. Alikuja kuueleza mkutanoni, amechora kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani. Alieleza vizuri, watu walielewa.

Yeye hakumfukuza mtu. Alisema tu idadi ipungue. Kijiji ndicho kilichokaa siku tatu kuamua ipungue vipi, na ikaonekana haki ni moja: waliokuja mwisho watangulie kutoka. Kaya tisa. Ngassa alikuwa wa sita kwenye orodha, kwa sababu ya ile miaka miwili ya kumuuguza bibi. Baba yetu, aliyemtunzia ng'ombe kumi na tisa, hakuguswa.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, karibu na akina mama. Barua ya chuo ilikuwa imeshajibiwa. Nilikuwa na maneno manne ya kusema, "Wengine tuliwahesabu mara mbili," na mkutano mzima ungesimama. Nilimtazama Ngassa akisikiliza jina lake. Hakubisha. Aliinamisha kichwa, akawa anachora chini kwa fimbo. Sikusema kitu. Nikaenda zangu chuoni mwezi uliofuata, na nikafaulu vizuri.

Ngassa alikusanya ng'ombe wake wote, pamoja na waliokuwa kwa watu, maana aliyeondoka hawezi kuacha mali nyuma. Sasa walikuwa kundi moja, kwa mara ya kwanza maishani mwao. Akawaswaga kuelekea magharibi, akapita kwenye pori lenye mbung'o, wale nzi wanaoua ng'ombe. Unaelewa kilichotokea. Kama wangekuwa maboma manne, angepoteza boma moja. Alikaa kule msimu mmoja, akatoka huko na fimbo, mkewe, na mbuzi wawili tu. Bondeni hakurudi. Alikwenda Mafinga kutafuta kazi kwenye mbao, na hapo ndipo ulipomkuta ulipoanza kupata akili: mjomba wa Mafinga, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, anayepanga mbao kwenye kiwanda cha watu na kukuletea vigoda.

Uliwahi kumuuliza kama anapenda kazi yake, ukiwa darasa la nne. Akakuambia, "Mbao ni nzuri, Limi. Ukiacha hamsini jana, leo unakuta hamsini. Haizai, haifi." Ukacheka sana. Mimi nilitoka nje nikajifanya naanua nguo.

Sasa sikiliza linaloniuma kuliko yote. Ngassa anaamini yeye ndiye aliyejiletea. Aliniambia siku ya harusi yangu, tumekaa wawili nyuma ya jiko la bibi yako mzaa baba, yeye amevaa koti la kuazima. "Dada, ningesema ishirini na watano siku ile, labda nisingetoka. Tamaa ya chanjo. Nilijitia sitini mwenyewe, kwa mdomo wangu." Alisema kwa utaratibu, bila uchungu, kama mtu aliyemaliza kulifikiria. Na mimi, bibi harusi, mwalimu mwenye cheti, nikamwambia, "Usiwaze sana kaka, yameshapita." Limi, nilimwacha abebe mzigo wangu, na nikampa na pole juu yake. Nimemwacha nao mpaka leo.

Usinikimbilie kwa kunitetea. Najua utasema nini, kwa sababu nimeshajitetea kwa njia zote. Miaka ya nyuma, ulipokuwa mdogo, nilikaa na daftari lile, nikakadiria namba sahihi, nikaupiga mlinganyo upya kwa mkono. Kwa kiwango kimoja cha kuzaana, mstari ulibaki chini ya kikomo, maana yake Ngassa hakustahili kutoka. Nikalia. Nikaongeza kiwango kidogo tu, kama inavyokuwa mvua ikiwa nzuri, mstari ukavuka kikomo baada ya miaka michache zaidi, maana yake angetoka tu hata ningesema kweli. Nikafurahi. Nilifurahi, unasikia? Nikakunja karatasi, nikalala usingizi mzuri. Kisha nikaamka nikaona aibu kwamba nimechagua kiwango kinachonipa usingizi. Mpaka leo sijui jibu, na nimekubali kwamba sitalijua. Nyasi zilikuwa zinapungua kweli. Niliziona. Lakini waliokaa mkutanoni walistahili kuamua kwa ng'ombe wa kweli.

Na sasa wewe, mtoto wangu, umekabidhiwa namba yangu. Hujui ilikotoka. Ni nukta nzuri ya bluu kwenye kompyuta, na juu yake mtajenga modeli mpya, na siku moja mtaipeleka kwenye mkutano, mtaibandika ukutani. Safari hii hamtatumia karatasi kubwa, mtatumia mwanga na pazia jeupe. Kuna mtu atakuwa amekaa mbele yake akichora chini kwa fimbo. Jumapili nilipokaa kimya na mwiko wangu, nilikuwa nafanya mara ya nne kitu kilekile nilichokifanya Ubaruku, mkutanoni na siku ya harusi yangu. Safari hii nilikuwa namfanyia binti yangu. Wiki hii sijala vizuri, na baba yako amedhani ni kwa sababu unaondoka.

Sikuandikii ili uache kazi. Modeli si adui. Nimefundisha watoto hisabati miaka yote hii kwa sababu naipenda, na Bwana Nyasi na fremu yake alilijali lile bonde kuliko wengi waliokuwa wakimcheka. Kazi yenu inatakiwa. Bonde limechoka zaidi ya zamani, na wakulima wa mpunga na wafugaji wote wanautazama mto uleule. Ila nakuomba, kila ukipewa namba, uliza aliyeihesabu alikuwa na miaka mingapi, alitaka nini siku hiyo, na aliuliza swali gani kwa maneno gani. Wenzako watakuona msumbufu. Mimi ningepata mtu msumbufu wa namna hiyo mwaka ule, ningemshukuru, baada ya kumchukia kidogo.

Fungua mfuko wa ndani wa begi lako, chini ya sweta ya kijani. Kuna daftari lenye jalada la karatasi ya kaki. Ndilo lenyewe. Limekaa kwenye droo ya cherehani tangu kabla hujazaliwa, ndiyo maana nilikuwa nakufokea ukitafuta mkasi humo. Kuna maboma kumi na moja, nani alitunza ng'ombe wa nani. Kumi na moja hayatoshi kuisahihisha nukta yako. Najua. Lakini yuko mtu mmoja anayeyajua mengine yote. Mjomba wako amesahau siku ya kuzaliwa ya kila mtu katika ukoo huu, ila umuulize ng'ombe yeyote wa bonde lile wa miaka ile, atakuambia rangi, pembe, mama yake, na alilala boma la nani. Nimemsikia akiwataja peke yake akipanga mbao.

Kwa hiyo unaona nilivyojifunga. Ukweli unaouhitaji wewe uko kichwani mwa mtu niliyemdhulumu, na huwezi kumuuliza mpaka ajue kwa nini unauliza. Nilifikiria kukuachia wewe umwambie. Niliifikiria kwa siku mbili nzima, nikijipa sababu, kwamba wewe anakupenda, kwamba kwako atapokea vizuri. Halafu nikaiona kuwa ni karani yuleyule anafunga daftari.

Alinipigia jana. Anajua unapita kesho. Amesema, "Mwambie Limi akae dirisha la kushoto, nitasimama pale mabasi yanapoingia, nimpe kigoda cha nyumba yake." Ameomba ruhusa kazini. Atakuwa amevaa lile koti lake la kanisani.

Kesho asubuhi utashangaa stendi, maana utaniona napanda basi na wewe. Nitakuwa nimekuambia nakusindikiza kidogo, nawe utakuwa umenicheka kwamba sitaki kukuacha. Nilikata tiketi mbili Alhamisi, yako ya Mbeya, yangu ya Mafinga. Naogopa, Limi. Naogopa uso wake kuliko ninavyoogopa kuondoka kwako. Anaweza asinisamehe, na atakuwa na haki. Anaweza akanisamehe papo hapo, kwa upole wake ule, na sijui kama hilo nitaliweza.

Kama unasoma hapa na mimi bado nimekaa pembeni yako, nimejifanya nimesinzia mpaka Mafinga ikapita, basi niamshe, nisomee barua hii kwa sauti mbele ya abiria wote. Nimekupa ruhusa.

Lakini kama kiti cha pembeni yako kiko wazi, na kigoda kiko miguuni pako, basi nilishuka. Saa hizi tumekaa mahali, mimi na yeye, na ameshajua. Usinipigie simu leo. Basi likifika Igawa, tazama kulia, bonde ndilo lile. Ukishafika Mbeya ukapumzika, mpigie yeye. Mwamkie vizuri, mwambie kigoda kimefika salama. Halafu, akiwa tayari, muulize yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda alikuwa wa nani, na alikuwa analala kwa nani. Mwandike mara moja tu.

Mama yako,
Kabula